Dar hadi Columbus kupitia Addis, Doha na Istanbul, nimezipita zote tatu na haya ndo maoni yangu

Naishi Columbus, Ohio, huu mwaka wa kumi na moja, nyumbani Tanga. Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar kuja Marekani hakuna, na Columbus penyewe haitui ndege ya kutoka Afrika wala ya Ghuba, kwa hiyo utake usitake utabadilisha ndege mara mbili, mara moja katikati ya safari na mara ya pili ukishaingia Marekani. Nimepita Addis, nimepita Doha, nimepita Istanbul, na mama yangu nimemleta mara mbili akiwa peke yake, mtu mzima wa miaka 68, Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Watu huku wakisikia hivyo swali lao ni moja tu, ulikata shingapi? Na mi nawajibu bei tutaongea, nionyeshe kwanza masaa yamekaa wapi.

Manake iko hivi. Unaweza ukaletewa tiketi mbili za bei moja na urefu uleule, ya kwanza inakupa masaa matano Doha na saa moja na nusu Chicago, ya pili inakupa masaa mawili Doha na masaa matano kasoro Chicago. Wengi wanachukua ya kwanza, wanaona bora wapumzike vizuri katikati halafu huku mwisho wafike haraka. Mi nasema chukua ya pili, na hasa kama anayesafiri ni mzazi au ni mtu ndo mara yake ya kwanza au mama mwenye watoto wadogo.

Ukibadilisha ndege Doha, Addis au Istanbul kwa tiketi moja, mzigo wako huugusi. Unashuka, unapita ukaguzi wa mkoba wa mkononi, unatafuta geti, basi. Marekani siyo hivyo kabisa, Marekani haina ile transiti ya kukaa ndani ukisubiri ndege nyingine, hata kama unaenda Mexico na pale unabadilisha ndege tu lazima uwe na viza na lazima upite uhamiaji kwenye uwanja wa kwanza unaotua. Ukimaliza uhamiaji unaenda kwenye mkanda unachukua mabegi yako yote japo lebo yake imeandikwa CMH ambayo ndo Columbus, unapita nayo forodha, unayarudisha kwa watu wa ndege pale nje, halafu unahamia terminali nyingine na unakaguliwa upya kama ndo unaanza safari. Hiyo foleni ya uhamiaji hakuna anayeweza kukuahidi ni dakika ngapi, nishapita kwa dakika 20 na nishasimama karibu masaa mawili, uwanja uleule. Sasa saa moja na nusu ya kufanya yote hayo unaipata wapi?

Safari ya kwanza ya mama nilikosea hapo. Nilimpa saa moja na dakika 50 kwenye uwanja wa kwanza wa Marekani, uwanja wenyewe siutaji kwa sababu kosa lilikuwa la kupanga, na ndege ya kuja Columbus ilikuwa ya mwisho kwa siku ile. Aliachwa. Alikaa kwenye kiti mpaka asubuhi na mkoba wake kaukumbatia, simu imeisha chaji, na mi niko huku airport ya Columbus naangalia mlango wa abiria unafunguka na kufungwa mpaka msafishaji akaja kuniambia ndege zimeisha. Kilichomwokoa ni kitu kimoja, tiketi ilikuwa moja toka Dar mpaka Columbus, kwa hiyo asubuhi walimpandisha ndege ya kwanza bila kulipa senti. Lakini ule usiku siusahau. Tangu hapo nina sheria mbili: uwanja wa kwanza wa Marekani usipungue masaa matatu, kwa mzee manne, na ndege ya mwisho ya siku simkatii mtu, lazima nyuma yake iwepo nyingine hata moja ya kumpokea akichelewa.

Haya sasa nianze na Addis. Kwa Dar huu ndo uwanja wa karibu, masaa kama matatu umefika, na Ethiopian wana ndege ya kwenda Washington, uwanja wa Dulles, ambao United wanatoka pale kuja Columbus, na kwa kuwa hao wote wako Star Alliance, ule umoja wa mashirika ya ndege, inakuwa tiketi moja na lebo moja. Kitu nachokipenda ni kwamba unaondoka Addis usiku unafika Dulles asubuhi, manake siku nzima iko mbele yako, ukichelewa foleni kuna ndege nyingine na nyingine. Kwa hesabu yangu ya masaa hii ndo njia iliyonyooka kuliko zote. Kitu cha kujua ni kwamba wakati wa kuja ndege inatua njiani kujaza mafuta, nilivyopita mimi ilitua Dublin na sisi wa Washington tulibaki kwenye viti. Watu wanashtuka wakidhani kuna hitilafu, hapana, Addis iko juu sana, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, ndege ikijaza mafuta ya kufika Marekani moja kwa moja inakuwa nzito mno kuruka pale. Wakati wa kurudi inaruka kutoka Dulles chini kule na mafuta yote na inafika Addis bila kusimama, kwa hiyo usishangae kwenda na kurudi havilingani masaa.

Bole, ndo uwanja wenyewe wa Addis, jioni kuna watu wengi kwa mpigo kwa sababu ndege zimepangwa hivyo, zinatua kutoka kila kona ya Afrika kwa pamoja halafu zinaondoka kwa pamoja kwenda Ulaya na Marekani, ndo mfumo wenyewe unavyofanya kazi. Ukishuka usianze kuzunguka dukani, nenda ukakaguliwe kwanza, fika getini, halafu ndo unywe kahawa, na kahawa ya pale inywe kweli maana ni ya kwao. Leyova, yaani muda wa kusubiri ndege ya kuunganisha, ikiwa ndefu kuanzia masaa 8 na hakuna ndege yao ya mapema zaidi ya kukuunganisha, wana utaratibu wa kukupa hoteli na chakula na usafiri, ila ulizia siku ileile unakata tiketi, usisubiri ufike kaunta. Nyota 4.

Kuna jambo la Addis ambalo Waswahili tunalielewa haraka kuliko wengine. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, saa moja ni jua likishachomoza, kwa hiyo ukimuuliza mtu wa pale saa za ndege kwa mazungumzo tu anaweza akakwambia saa nne akimaanisha ileile saa nne yetu ya usiku, lakini skrini na boding pasi zimeandikwa 22:00. Mama alifurahi sana kusikia kuna watu wengine duniani wanahesabu saa vizuri.

Doha. Hapa niseme kabisa ndo chaguo langu kwa mzazi anayesafiri peke yake. Qatar Airways wanatoka Dar mpaka Doha kama masaa sita, halafu Doha mpaka Chicago moja kwa moja, ndefu hiyo, masaa 14 na zaidi, ila ukishapanda umepanda. Uwanja wa Hamad ulifunguliwa 2014, terminali ni moja tu kwa hiyo hakuna kupanda basi kwenda jengo jingine, na pale katikati kuna lile sanamu la dubu la njano lenye taa kichwani, urefu kama mita saba. Mi namwambia kila mtu dubu ndo alama yako, ukipotea rudi kwa dubu ujipange upya. Kuna vyumba vya kupumzika vya wanawake pembeni na vya wanaume pembeni vyenye viti vya kulalia, misikiti ya ndani, waifai ya bure. Masaa mawili hadi matatu pale yanatosha kabisa kwa tiketi moja, na ndo maana nasema usiyajaze Doha masaa ambayo unayahitaji Chicago.

Safari ya pili ya mama nilimuombea huduma ya kiti cha magurudumu, ambayo ni bure, unaiomba unapokata tiketi au unapiga simu angalau masaa 48 kabla. Miguu yake mizima jamani, anatembea sokoni Mgandini kwenda na kurudi, lakini kile kiti siyo cha miguu tu, ni mtu wa kukuongoza kutoka mlango wa ndege mpaka mlango wa ndege nyingine. Aliyekuja kumpokea pale Doha alikuwa kijana wa Mombasa, kaangalia pasi, kainama, "Shikamoo mama". Mama anaisimulia hiyo mpaka leo. Anasema alikuwa amekaza moyo toka Dar, mikono imeshika ile karatasi yangu mpaka imelowa jasho, na aliposikia shikamoo alilegea mwili mzima akaanza kumuuliza kijana watu wa kwao. Kijana alimsindikiza msalani, akamnunulia maji, akamfikisha getini akamkabidhi kwa dada wa ndege kwa jina. Chicago vilevile alipokelewa na kiti, wale wahudumu wana foleni yao uhamiaji, wakamtolea mabegi mkandani yeye anaonyesha tu kwa kidole, lile lenye kitambaa cha kanga ya kijani, na lile jingine lenye kitambaa kama hicho. Fungeni kitambaa kwenye mabegi, meusi yote yanafanana.

O'Hare, ndo uwanja wa Chicago, ndege za nje nyingi zinatua Terminali 5 na American Airlines anayekuja Columbus yuko Terminali 3, unapanda treni ya ndani ya uwanja, ni bure, halafu ukaguzi upya. Mama alikuwa na masaa manne na nusu na alifika getini amebakiza saa moja na dakika 40. Fanya hesabu mwenyewe ingekuwaje na masaa mawili. Doha nampa nyota 4 na nusu, hiyo nusu nimeikata kwa sababu Chicago unafika mchana na ndege za kuja Columbus zinakuwa zinaelekea kuisha, siyo kama Dulles ya asubuhi.

Istanbul ni nzuri kwa kijana au kwa mtu anayetaka kutalii. Uwanja mpya ulifunguliwa Oktoba 2018 na ndege za abiria zikahamia pale Aprili 2019, ni mkubwa sana, kutoka geti moja mpaka jingine unaweza kutembea dakika 20 na ukawa bado, kwa hiyo masaa mawili pale mi naona machache, weka matatu. Turkish wana ziara ya bure ya mji kwa wenye leyova ya masaa 6 mpaka 24, basi, mwongozaji na chakula, na ukikaa masaa 20 na zaidi wana hoteli ya usiku mmoja hata kwa daraja la kawaida. Niliifanya ile ziara 2024, tukapelekwa mji wa zamani Sultanahmet, nikaswali, nikala samaki, nikarudi uwanjani nimechangamka. Lakini ziara ni bure, viza siyo bure, mi niliingia kwa pasi ya Marekani ambayo siku hizi haihitaji viza Uturuki, mwenye pasi ya Tanzania aangalie viza yake kabla hajajipangia leyova ya masaa 15 akaishia kukaa kwenye kiti cha uwanjani. Nyota 4 kwa vijana, kwa wazee 3, kisa kutembea.

Jamaa zetu wa Kenya wana bahati yao, Kenya Airways wanatoka Nairobi mpaka JFK New York bila kusimama tangu Oktoba 2018, masaa kama 15. Ukiwa Arusha au Moshi hiyo iangalie, siyo lazima kila kitu kipite Dar.

Sasa kitu kilichoniuma. Kabla ya haya yote nilishawahi kukata tiketi kwa wakala mmoja wa mtandaoni, bei ilikuwa chini kwa dola kama 200, nikaona nimepata. Kumbe alichouza ni tiketi mbili tofauti zilizoshonwa pamoja, namba mbili za bukingi, mashirika mawili yasiyojuana, na kwa maandishi madogo chini kabisa wameandika kwamba kubadilisha ndege ni jukumu la abiria. Ndege ya kwanza ikachelewa masaa mawili, nafika kaunta ya pili naambiwa ndege imeondoka na wewe hukutokea, tiketi imekufa, na ya kurudi nayo imekufa. Yule wakala simu haipokelewi, ujumbe unajibiwa na mashine. Nililipa dola 640 pale pale ili nifike, na zile 200 nilizookoa huko ndo zilikoenda. Ukitaka kujua kama tiketi yako ni moja, uliza maswali mawili tu: namba ya bukingi ni moja kwa safari nzima? Na mzigo nikiuweka Dar lebo itaandikwa mji wa mwisho? Jibu likiwa hapana kwa lolote kati ya hayo, hiyo siyo koneksheni, hizo ni safari mbili, na hatari yote ya katikati umebeba wewe. Pale kaunta Dar, Terminali 3, usiondoke mpaka umesoma lebo kwa macho yako, herufi tatu za mwisho ziwe za mji unaokwenda.

Na wanaopitia Ulaya waangalie pasi zao vizuri. Ndugu zetu wa Congo, mwenye pasi ya DRC anatakiwa viza ya transiti hata kama hatoki ndani ya uwanja kwenye nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, labda awe na viza halali au ukaazi wa nchi kama Marekani au Kanada. Uingereza nayo pasi ya Tanzania na ya Kenya zinahitaji viza ya transiti hata ya ndani, na msamaha wake upo kwa wenye viza halali ya nchi kama Marekani, ila soma masharti kabla hujalipa. Faida ya Ulaya ni sheria yao ya fidia, ndege ikiondokea kule ikakufikisha umechelewa masaa matatu na zaidi na kosa ni la shirika, kwa safari ndefu fidia inaweza kufika euro 600. Tunza boding pasi.

Wanaorudi Tanzania kupitia Addis, leyova ikizidi masaa 12 beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ethiopia iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo na Tanzania wanaidai kwa aliyekaa transiti zaidi ya muda huo. Kadi ni ya njano, ndogo, inasahaulika kirahisi kwenye droo.

Halafu tarehe jamani, tarehe. Ndege nyingi za Dar zinaondoka usiku mkubwa. Tiketi ikiandikwa tarehe 12 saa 03:55, hiyo ni saa tisa na dakika 55 usiku wa kuamkia tarehe 12, yaani tarehe 11 jioni unatakiwa umeshaoga na begi liko mlangoni. Namjua mtu kabisa alikwenda uwanjani tarehe 12 usiku na ndege yake imeshafika na kurudi. Unafuu ni kwamba Dar, Addis, Doha na Istanbul zote saa zao ni zilezile, hurudishi wala husogezi chochote mpaka uingie Marekani, Dubai tu ndo wako mbele kwa saa moja.

Ile karatasi ya mama niielezee, kwa sababu watu wengi wameniomba. Ni ukurasa mmoja, mwandiko mkubwa wa kalamu nene, kila hatua na mstari wake. MAMA, UKISHUKA DOHA KAA KWENYE KITI SUBIRI MTU MWENYE KITI CHA MAGURUDUMU. USICHUKUE BEGI HAPA. Chini yake kwa Kiingereza: naomba nipelekwe geti la ndege ya Chicago, namba ya ndege hii. Saa nimeandika mara mbili, ya kwetu kwa wino wa bluu na ya tiketi kwa wino mwekundu. CHICAGO CHUKUA MABEGI MAWILI, KITAMBAA CHA KIJANI, UWAPE WATU PALE NJE YA MLANGO. Mwisho namba yangu ya simu, ya mke wangu, na anwani ya nyumbani, kwa sababu uhamiaji wanauliza anakwenda kukaa wapi. Nakala tatu, moja kwenye pasi, moja kwenye mkoba, moja kifuani.

Tiketi yake ya mwakani mwezi wa sita nimeshaikata. Nilipata Doha tena kwa dola 1,480, ilikuwepo ya 1,390 yenye saa moja na dakika 35 Chicago nikaiacha. Hii ina masaa mawili na robo Doha, manne na dakika 20 Chicago, na nyuma yake kuna ndege nyingine ya kuja Columbus usiku. Mama kaniambia kwenye simu nisihangaike kuandika karatasi mpya, nibadilishe namba za ndege tu, ile ya zamani anayo, kaipeleka stendi wameipiga plastiki.